Majua Mawili

Doña Edelmira aliufungua mlango kwa mikono miwili,
upepo wa Punta Arenas ukiuvuta upande wake.
Akaweka bahasha juu ya meza. Akasema:
Waketishe pamoja.

Binti wawili, kila mmoja na picha yake.
Nelda, saa tatu asubuhi, siku ya ubatizo, kwenye benchi la kijani.
Irma, siku ileile, benchi lilelile, saa moja ya jioni,
maana Januari huku jua huchelewa kulala
na Irma alisubiri mpaka gari la dada yake lilipokata kona.
Miaka kumi na tisa hawasemezani.
Chanzo ni cherehani, alisema mama.
Akatazama dirishani. Akasema: si cherehani.

Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime.
Jembe langu ni kipanya, waya wake umefungwa kwa utepe.
Nikamkata Irma taratibu, nikifuata ukingo:
kidevu, hereni, sweta la sufi lililotoka nyuzi kwenye kiwiko,
na kila unywele uliotimka nikauacha utimke,
kwa sababu mtu mwenye nywele zilizotulia katika mji huu
hata mtoto atajua amebandikwa.

Nikampandisha kwenye tabaka la juu,
nikamshusha polepole kushoto mwa Nelda.
Akaketi.
Benchi halikulia.

Mama aliporudi kesho yake alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.
Hapo hatamsikia, akasema.
Sikio lake la kushoto lilikufa kwa surua, ana miaka sita.
Tangu hapo huketi upande huu, sikio zima kwa dada yake.
Kanisani. Mezani. Kwenye lori la babake.

Ningeweza kumgeuza kama shati, kushoto kuwa kulia,
lakini baka la shavuni nalo lingehama,
na mama huhesabu mabaka.
Basi nikamnyanyua mzima mzima, nikamvusha ng'ambo ya pili ya benchi.

Na hapo ndipo nilipoyaona majua.

La Nelda lachomoza kushoto, jeupe, halijachoka.
La Irma latoka kulia, rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Kila jua linasukuma kivuli chake katikati,
na pale katikati, juu ya ubao mtupu ambao hakuna aliyeukalia,
kivuli cha dada kimelala juu ya kivuli cha dada.

Kazi yangu ina sheria, nami nimeishika tangu enzi za chumba cha giza:
picha moja, jua moja.
Nikashika brashi. Nimfute nani?
Nikapasha joto asubuhi ya Nelda, akawa kama mgonjwa wa manjano.
Nikapoza jioni ya Irma, midomo ikawa ya buluu, ya maiti.
Nikarudisha. Nikarudisha tena.
Chai yangu ikapoa, nikainywa hivyo hivyo.

Naweza kuwasogeza, nilimwambia mama siku ya tatu.
Naweza kumpa Nelda mkono, nikauweka begani kwa mwenzake,
ninao mkono wake kwenye picha ya mwaka wa juzi, unatosha.

Usimwongezee mkono.
Alisema kwa ukali, kama ananyang'anya mtoto kisu.
Wataniuliza ni lini. Nitajibu nini?

Na vivuli? nikauliza. Kimoja ni lazima kitoke.
Akainama hadi pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo,
akaweka kidole pale vilipopandana,
kidole chenye alama za sindano.
Hiki ni cha nani? Na hiki?
Nikamwonyesha.
Hivi hukuvichora wewe?
Hapana, mama. Vilikuja navyo.
Basi viache.

Fundi yeyote akiiona picha ile atacheka:
benchi moja lina saa mbili.
Acha acheke. Sikuweka jina langu nyuma.

Nakala ngapi?
Mbili, alisema, akahesabu sarafu moja moja.
Mlangoni, skafu imeshamfunika mdomo, akageuka.
Fanya tatu.
Wakizichana, nibaki na moja.