Gauni la Ubatizo

Honiton, saa kumi jioni. Mvua ya Devon haina haraka,
inanyesha kama mtu anayekuna nazi
huku akiwaza mambo mengine.
Nimemkanda Bi Thirza miguu, nimempa dawa ya presha,
sasa anataka sanduku.

Si lile la vyeti. Lile la bati, uvunguni.
Ndani mna mto wa kufumia lesi, mgumu kama boga,
na vijiti vyembamba vilivyochongwa majina ya marehemu.
"Mama wa bibi yangu," anaanza
(nami siapi kwamba ni kweli,
mji huu una mafundi wa lesi na mafundi wa maneno),
"ndiye aliyerudishia nyuzi gauni la Malkia."

Gauni moja, la kitoto kichanga.
Malkia alizaa, akavalisha; akazaa tena, akavalisha.
Mabinti wakaolewa: huyu kwa wafalme wa theluji,
huyu kwa wafalme wa ngano na bia,
yule ng'ambo, ambako malimau huiva Januari.
Kila mjukuu alipozaliwa, telegramu ilitangulia,
gauni likafuata ndani ya boksi la mwerezi,
limegongwa mihuri ya forodha kama shehena ya chai.

Likirudi, fundi alilisoma kama barua.
Doa la mvinyo: hawa walisherehekea.
Nta mabegani: hawa husali wamesimama.
Na safari moja, mkono wa kushoto,
damu iliyoanza kama punje ya mtama
ikatambaa mpaka kwapani.
Pini tu, alisema mjumbe. Mtoto alivuja siku mbili.
Damu ya nyumba ile haikujua kuganda;
bibi aliwagawia wajukuu bila kujua,
pamoja na vijiko vya fedha.

"Wote binamu," anasema Bi Thirza. "Binamu, binamu, binamu."
Kwao neno ni moja, ufunguo wa kila kabati.
Namsahihisha: wa mama mkubwa huyo ni ndugu yako kabisa,
wa mjomba mnaweza kutaniana.
Halafu mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza,
kining'ina.
Hilo la mwisho anajaribu kulitamka,
meno ya bandia yanamkatalia.

Kisha ukaja mwaka ule wa kumi na nne.

Kwetu tunaambiwa: ndugu wakigombana,
chukua jembe ukalime.
Wilfred, kitinda mimba wa fundi, alikuwa nalo,
kule Awliscombe, tuta la tatu la viazi.
Wakaja wakamwambia aliweke chini.

Hakuwa binamu wa yeyote.
Ng'ambo ya handaki, mwana wa mfalme
aliyewakagua vijana waliomuua
alibatizwa kwa vifungo alivyoshona mama yake Wilfred.
Jina lipo kwenye jiwe la kanisa, la nne kutoka chini;
mvua hii hii imelila herufi ya mwisho.

Gauni? Lilikuwa mashariki vita vilipoanza. Halikurudi.
Fundi hakushika tena uzi wa mtu. Akauza mayai.

Kimebaki kipande cha majaribio, upana wa kiganja,
rangi ya chai ya maziwa.
Ananiwekea gotini kama mtu anayelipa deni.
"Na wewe, unao binamu wangapi?"
Nahesabu kwa vidole, narudia vidole. Kumi na tisa.
"Wanapigana?"
Wana kesi, nasema. Shamba la mikarafuu,
mwaka wa kumi na moja, hakimu wa tatu.

Anacheka mpaka anakohoa, namshika mgongo.
Akitulia anauliza:
"Na sasa hivi, nani analipalilia?"

Nafikiri. Yupo kijana mmoja.
Jina lake silijui.
Sote tunamwita kijana.