Sweta ya Ruta

Nyumba yetu iko Valparaíso, mgongoni mwa kilima,
imevaa mabati kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo,
na ndani ya mabati, udongo uliokandwa na watu waliokwisha kufa.
Wanasema kuta zina masikio. Hizi zina koo:
zinameza mawimbi ya Wi-Fi bila hata kutafuna.

Kila Jumamosi saa mbili usiku
mama mkwe wangu, Edelmira, huvaa hereni,
hujitia manukato kwa ajili ya runinga, huketi.
Kule Punta Arenas, chini kabisa ya ramani,
mjukuu wake Rayén anapiga selo katika okestra ya vijana,
na msamaria mmoja mwenye kamera anaturushia moja kwa moja.

Saa mbili na dakika kumi na nane zamu ya Rayén inafika.
Anainua upinde.
Kiduara kinaanza kuzunguka,
kinazunguka kama ngamia wa kinu,
na upinde uko palepale, juu, haushuki.
Edelmira humalizia muziki mwenyewe, kwa pua,
mkono wake ukikata hewa.
Picha ikirudi, watu wanapiga makofi,
naye anainamisha kichwa kana kwamba wanampongeza yeye.

Nikapigia kampuni. Zima, hesabu thelathini, washa.
Nikazima, nikahesabu, nikawasha.
Wakaniuzia kasi zaidi. Kasi ikaja,
ikafika mlangoni, ikavua viatu, ikakaa hapohapo.

Basi nikazunguka na simu mkononi, nikihesabu vijistari:
jikoni vinne, ukumbini viwili,
sebuleni kimoja, nacho kinapepesa
kama mgeni anayetafuta namna ya kuaga.

Ruta yenyewe niliikuta kabatini,
kati ya maikrowevu na tangi la samaki,
nyuma ya kioo cha kunyolea cha marehemu baba mkwe.
Na ilikuwa imevaa sweta.
Sweta ya sufu, rangi ya kiini cha yai,
mikono miwili ya kupitishia antena,
kifungo kimoja mgongoni.

"Ilikuwa inatetemeka," alisema Edelmira.
"Taa zote zinatetemeka. Ukuta ule unapigwa na upepo wa kusini."

Adabu naijua: mtoto wa mama mkwe huwezi kumvua nguo.
Nikaanza na mengine. Nikahamisha samaki,
maana maji nayo hula mawimbi.
Nikatenganisha maikrowevu na majirani zake.
Mtaa mzima ulikuwa umejazana chaneli ya sita;
nikahamia ya kumi na moja, kukawa na nafasi ya kunyoosha miguu.
Nikalaza waya mita ishirini na mbili, chini ya zulia,
kupitia tundu ambalo panya walilitoboa kabla yetu,
hadi nyuma ya runinga.
Mwisho nikaipandisha ruta juu ya rafu, na sweta yake,
ikaniunguza kiganja kama mkate wa tanuri.
Edelmira aliniona nikipuliza vidole.
Akaja, akafungua kifungo mwenyewe.

Jumamosi Rayén aliinua upinde,
na upinde ukashuka.
Tuliona kila kitu: nywele kapunguza,
pumzi yake inatoka mvuke, ukumbi hauna joto,
ncha za vidole zimepasuka, nyekundu.
Nilisubiri ile sauti ya puani. Haikuja.
Mkono wake ulibaki pajani, hauna kazi.
Makofi yakapigwa. Hakuinama.

"Ana baridi," akasema.
Halafu, kwangu: "Afadhali ulivyokuwa hujui kutengeneza."

Usiku ule nilisikia uzi ukifumuka.
Asubuhi ruta ilikuwa uchi rafuni, ikipepesa kijani,
na mezani glavu moja ya rangi ya kiini cha yai,
isiyo na ncha za vidole.
Ya pili ilikuwa imeishia kwenye kiwiko cha dole gumba.
Sufu ilikuwa imekwisha.

Edelmira aliinua macho,
akaitazama sweta yangu.