Madaraja

Mimi ni mchambuaji wa tumbaku, Urambo,
msimu wa kumi na tisa huu.
Nipe jani gizani, nitakwambia kwa vidole
kama lilikaushwa kwa pupa au kwa subira,
kama bani lilivuja, kama mchochea moto alisinzia.
Ya limau huku, ya chungwa kule,
kahawia karibu na mlango.
Na lenye mabaka?
Lenye mabaka hupewa bei
inayomfanya mtu asome risiti mara mbili.

Kwa hiyo lilipotokea la kwanza, kwenye kifundo cha kidole,
dogo kama punje ya mtama,
nilijua nalitazama kwa jicho gani.
Nikalisugua kwa mate.
Nikasema ni chokaa ya ukuta.

Kufikia masika vidole vyote,
kisha kuzunguka mdomo,
kama mtu aliyekunywa maziwa akasahau kujifuta.
Wifi yangu Nyamizi akasema: umekula mwiko.
Mwiko upi?
Akahesabu wanyama wa ukoo wetu, mmoja mmoja,
hakumpata niliyemla,
akasema: basi alikula mama yako.
Na mimi, Kalunde, nikapata jina jipya ghalani:
"Muulize Mbalanga kama mzani umefunguliwa."

Tabora mjini, Daktari Lugembe aliniomba ngozi.
Vipande viwili, vidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti:
kimoja penye weupe,
kimoja kando yake, palipo salama.
Salama nilisema mimi.
Yeye alinyamaza.

Majibu yalichelewa. Tulihamisha miche, tukapalilia.
Aliponiita, alichora nyuma ya risiti yangu ya mbolea.
Kila chembe ya mwili, alisema,
imebeba kitabu kilekile, kope hadi kisigino.
Tofauti ni ukurasa upi unasomwa kwa sauti
na upi umefumbwa.
Penye weupe, jeni za kupika rangi zimenyamaza:
mpishi hayupo, jiko limepoa.
Lakini jeni za kuita askari zinapaza sauti,
askari wa mwili wako mwenyewe, mama,
njooni, adui yuko hapa.
Na adui ni nani?
Ni yule mpishi.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Nguo nilikwisha kuivua mbele ya daktari. Hakuwemo.

"Na kipande cha pili?"
Akajikuna kidevu kwa kalamu.
Kile cheusi, kile changu cha salama,
nacho kilikuwa kimeanza kunong'ona.
Rangi tele, jicho halioni kitu,
na mwito umeshatoka.

Usiku ule sikulala kwa sababu ya majani.
Marobota yote niliyoyafunga daraja la kwanza,
miaka kumi na tisa,
nikiapa kwa jicho langu.

Ngozi huvutwa ingali mbichi, alisema,
akanipa mafuta ya kupaka. Ahadi hakunipa.
Vidoleni usitarajie sana:
rangi hujificha kwenye shina la unywele,
na ncha za vidole hazina nywele.
Ni kweli. Vidole vimebaki vilevile,
vinachambua, vinajua, vyeupe.

Ila mkononi, chini kidogo ya kiwiko,
juzi niliona vitone.
Kila unywele na kitone chake,
kama mtu aliyepanda ulezi bila kamba.

Nilimwonyesha Nyamizi, sijui kwa nini yeye.
Akaweka ungo chini, akanivuta hadi penye mwanga,
akahesabu: kumi na saba.
Akarudia: kumi na sita.
Nikamwambia wa kwanza ulikuwa sawa.
Akasema hapana, kimoja ni kovu la moto wa bani.
Tumebishana hadi ugali ukaungua.