Unga Sakafuni

Maji yalikatika Jumanne,
wanawake wakiwa katikati ya kufua,
sabuni ingali viganjani.
Karizi, ule mfereji uchimbwao chini kwa chini
kutoka mguuni mwa mlima hadi kwenye mikomamanga,
ulikohoa matope mara mbili, ukanyamaza.

Mimi ndiye niliyetumwa kutoka Yazdi
na darubini ya miguu mitatu
na ramani yenye muhuri wa Idara.
Ramani ilisema: visima vya hewa arobaini na kimoja.
Nilihesabu thelathini na vitatu.
Vingine vilimezwa na mchanga,
na Bemanali mchimbaji, aliyevijua kama meno yake,
alizikwa majira ya baridi,
akaenda na meno yake yote.

Siku tatu nilipima.
Nilichopata ni pua iliyobabuka
na hesabu zisizopatana.

Usiku nikaenda tanurini kwa Golnesa,
si kutafuta hekima. Njaa tu.
Nikamuuliza, kama mtu aulizavyo saa:
Wewe wadhani yamekwama wapi?
Akapiga donge, akasema:
Mimi najua unga. Ila tangu Noruzi
maji yana chokaa, mkate hauumuki.

Chokaa gani! akadakia Turan, aliyefuata mikate yake.
Ni udongo mwekundu. Njoo uone shuka zangu,
zimekuwa rangi ya waridi kuukuu.

Wakabishana mpaka jirani wakaamka.
Yadollah mchunga kondoo akaingia na blanketi mabegani:
Udongo mwekundu uko mahali pawili tu,
chini ya zizi la zamani na Bonde la Mbweha.
Kaka yake Heydar akaapa ni msikitini, kwenye kona ya kaskazini,
na Heydar alikosea, alikosea kabisa,
lakini katika kumkosoa
Turan akakumbuka mafuriko ya mwaka aliojifungua,
jinsi wachimbaji walivyokwepa zizi
wakapinda kushoto bila kumwambia karani yeyote.

Golnesa akamwaga unga sakafuni.
Akachora mlima kwa kiwiko.
Mmoja akapinda mstari, mwingine akaufuta kwa kisigino,
mwingine akaurudisha pale pale, akaudhika.

Kisha Mahin, mwana wa Turan, miaka tisa,
aliyedhaniwa amelala juu ya magunia:
Theluji ikianguka, huyeyuka duara duara
juu ya visima, hata vilivyofukiwa.
Huwa nayahesabu maduara nikienda shule.
Yako arobaini na mawili.
Mwaka huu moja halikuyeyuka.

Hakuna aliyesema kitu.
Paka akakatiza ramani, akaacha nyayo nne kwenye Bonde la Mbweha,
tukalazimika kulichora upya.

Kulipokucha nilitazama ule unga.
Hapakuwa na mtu chumbani ambaye angeweza kuuchora peke yake,
wala aliyeweza kuonyesha kwa kidole: mstari huu ni wangu.
Kila mmoja alikuja na punje mfukoni
akidhani ni taka za mfuko.

Akili ni nywele, husema watu, kila mtu ana zake,
na husema hivyo wakifunga mjadala.
Nilikuwa nimeshika kamba ya singa za mbuzi,
tukimteremsha Heydar (ndiye mwepesi kuliko wote)
ndani ya kisima kisicho kwenye ramani yoyote,
ndipo nikawaza: lakini nywele husukwa.
Unywele mmoja haumshushi hata panzi.

Maji yalirudi Ijumaa alasiri,
mekundu, kisha ya kijivu, kisha maji.
Golnesa alisema bado yana chokaa.
Pengine naye yuko sahihi; hatujamaliza kubishana.

Fomu ya Idara ina mstari mmoja mfupi:
Jina la aliyegundua.
Niliuacha wazi.
Imerudishwa mara mbili,
na pembeni, kwa wino mwekundu, neno moja:
Jaza.