Kila Novemba Tunamuua Taimi

Kila Novemba, theluji ikishaifunga barabara ya ziwani
na maghala ya nafaka ya Thunder Bay yakageuka vivuli,
tunashuka kwenye chumba cha chini kwa Reijo
kumtazama Taimi akiuawa.

Deki ya Reijo inamzidi umri mwanawe wa kwanza.
Huipiga kofi moja la ubavuni, kama anamwamsha mlevi,
nayo hukohoa, humeza kanda, hunguruma.
Sofa lina shimo katikati; anayechelewa ndiye wa shimo.
Bisi zimo kwenye beseni la kufulia.
Lorna, bado ananukia dawa za wodini, ana sheria moja tu:
atakayesema "filamu nzuri hii"
atasimama barazani kwenye baridi hadi atubu.

Filamu ni mbaya. Nasema kwa mapenzi.
Maikrofoni inaning'inia juu ya kila busu
kama popo aliyepotea njia.
Usiku wao una jua. Mwezi wao una waya.
Wanafunzi wa sekondari wameanza kupata vipara,
na nahodha wa timu kasahau kuvua pete ya ndoa.
Wao wanakimbia, muuaji anatembea,
na bado anawafikia:
mwenda pole hajikwai.

"Usishuke huko chini!" tunapiga kelele,
sisi tulioshuka huko chini.
Msichana hasikii. Hajasikia tangu mwaka themanini na mbili.
"Hapo hapana mshipa," Lorna anakagua.
"Ukikatwa hapo hufi. Unapewa nyuzi nne na likizo."
Wendell anacheka mpaka anaegemea ukuta.

Kisha dakika ya arobaini na moja.
Anayekuja kwenye gati la mbao, taulo la njano begani,
nywele zimetimka kama moshi wa kuni mbichi,
ni Taimi, miaka kumi na tisa,
aliyelipwa dola arobaini na sandwichi ya mayai
afe wa tatu.

Ana maneno matano: "Nani hapo? Doug, acha mzaha."
Tunayasema naye, sote,
na Taimi wa leo, mwenye goti la chuma,
anayasema kwa sauti ya sigara alizoziacha.
Shoka la mpira linapanda, linapinda hewani.
Anaanguka kwa adabu, polepole,
akichagua ubao usio na misumari.
Akishakufa anafumbua jicho, analifumba tena,
maiti iliyokumbuka kitu.
Tunasimama. Makofi. Bisi zinaruka.
"Rudisha nyuma," anasema, kama kila mwaka,
na Reijo anamfufua:
damu inarudi mwilini,
anainuka mgongo kwanza,
taulo linamrukia begani.

Mwaka huu alisema, "Simamisha hapo."
Picha ikaganda kwa muuaji, mistari ikimtetemeka usoni.
Chini ya lile gunia la viazi, akatuambia,
alikuwa Gordie, fundi bomba wa mtaa wa pili.
Walirudia kifo hicho mara kumi na moja,
Oktoba, ukungu wa barafu ukingoni mwa maji,
na kati ya kifo na kifo
Gordie alivua koti lake la sufu akamfunika,
akamuuliza kupitia yale matundu mawili,
"Nimekuumiza?"

Gordie alizikwa Machi. Mapafu.
Sote tulikuwa hapa mjini
na hakuna aliyepiga kelele.

Deki ikanguruma peke yake.
Wendell akatafuna bisi moja, kwa sauti mno, akaacha.
"Endelea," akasema Taimi. "Wamebaki wanne,
na huyo mume wa mtu mimi simwachi hai."

Tulitoka saa sita usiku.
Kila mmoja akafuta theluji kiooni,
akachungulia kiti cha nyuma cha gari lake
kabla ya kuingia.
Huwa tunafanya hivyo. Hatuliongelei.