Fomu ya Mgawo wa Kazi

Mkuu wa idara ameleta fomu, ukurasa mmoja,
anataka mwaka wangu mzima uenee humo:
kufundisha, asilimia arobaini;
utafiti, arobaini;
huduma kwa chuo na jamii, ishirini.
Jumla isizidi mia, ameandika kwa wino mwekundu.

Mshika mawili, walisema, moja humponyoka.
Hawakusema neno juu ya mshika matatu.

Nianzie wapi? Jumatatu, alfajiri haijapambazuka vizuri,
nimo wodi ya nne na wanafunzi kumi na tisa,
viatu vyao vyeupe vina tope la Lurambi.
Namshika Shikuku kiwiko: taratibu,
mshipa hutafutwa kwa kidole, si kwa macho.
Mgonjwa ananitazama mimi, haitazami sindano.
Saa nne, kamati ya mitihani. Saa sita, kamati ya mahafali,
dakika hamsini tukibishania rangi ya mahema.
Alhamisi niko Shinyalu, napima presha za akina mama
wanaoniita daktari. Nimechoka kuwasahihisha.

Utafiti wangu umo katika katoni ya sukari chini ya meza:
hojaji mia mbili na sita za wakunga wa zamu ya usiku.
Mhariri ameniandikia mara ya tatu,
kwa adabu inayozidi kupungua.

Lakini hapa Kakamega mvua ya saa tisa haivunji miadi.
Ikishayapiga mabati ya ukumbi
sauti yangu haifiki hata safu ya kwanza.
Naweka chaki chini, wanafunzi wanafungua vitabu,
nachomoa hojaji nne, tano, nahesabu
mpaka inyamaze.
Kurasa zote nilizoandika muhula huu nimepewa na mvua.
Hiyo nayo niiandike wapi, Mkuu?

Na Ijumaa, Imali alipomwosha maiti wake wa kwanza,
bibi aliyekuwa akimwita mjukuu wangu,
tuliketi ngazini nyuma ya dobi.
Nilimmenyea chungwa. Hakulila.
Tukakaa na harufu ya maganda saa nzima u nusu,
na kamati ya maadili ikaanza bila mimi.
Nimeipekua fomu mbele na nyuma:
chungwa halina kisanduku chake.

Nimejumlisha kwa uaminifu. Imekuja mia na thelathini na saba.
Mkuu ameirudisha, wino uleule.

Nje, upande wa msituni, wingu limeanza kuwa zito.
Naivuta katoni karibu na mguu.