Tone Juu ya Ukucha

Babu Mbaruku hakuwa na kipimo wala cheti.
Alikuwa na ukucha wa dole gumba.
Alidondosha tone, akainamisha mkono kidogo, akangoja:
tone likisimama, ni maziwa;
likitiririka, "Haya ni maji yaliyopita karibu na ng'ombe."

Kwa ukucha huo alilisha nyumba ya watu kumi na mmoja.
Baba yake alianza na mitamba miwili hapa Mwandoni
minazi ikiwa mingi kuliko majirani.
Yeye akarithi zizi, deni la mashudu,
na baiskeli yenye madebe mawili ubavuni
aliyoisukuma alfajiri juu ya daraja la zamani,
lile lililoelea,
akihesabu wateja kimoyomoyo:
Kibokoni chupa tatu, Kuze mbili,
mwalimu wa Makadara nusu, mpaka mshahara.

Maziwa ya paketi yalipofika madukani
hayakupiga kelele. Yalijipanga kwenye rafu,
yakakaa miezi bila kuganda,
na yetu yaliganda kabla ya adhuhuri.
Mteja mmoja akahama, wa pili akafa, wa tatu akanunua friji.
Tukawa twamwaga mtungi mzima chini ya mpapai.
Mpapai ukanenepa, sisi tukakonda.

Jioni moja ya Shaabani, Mama,
Shekue binti Mbaruku, asiyetupa hata maji ya mchele,
akateleka lita kumi, akakoroga
mpaka mwiko ukawa mzito kama jibu la posa.
Akatia iliki, chembe ya chumvi, sukari kwa kuogopa,
akafunga katika vikaratasi vya nailoni,
fundo, fundo, fundo,
akavilaza kwenye friza ya Mama Dzame, jirani,
kwa malipo ya vipande sita kila siku
na siri moja.

Watoto wa chuoni ndio waliotutangaza.
Waling'ata pembe ya karatasi, wakanyonya,
kesho yake wakaja na ndugu zao.
Baada ya Idi kukawa na aiskrimu ya ukwaju, ya embe dodo,
na ya madafu, iliyogoma ikawa jiwe,
tukawatupia kuku, nao wakatutazama.

Babu hakusema na Mama siku tisa.
"Sukari," aliniambia mimi, ili yeye asikie,
"ni nguo ya mwizi. Maziwa mema hutembea uchi."

Siku ya kumi akaingia jikoni na kofia yake ya vito.
"Leta."
Akamega kijipande, akakiweka juu ya ukucha.
Tukangoja. Feni ikazunguka. Uani ng'ombe akakohoa.
Kikayeyuka polepole, kikawa tone,
na tone likasimama.
Akalilamba. Akafumba macho.
"Kidoti," akasema. "Amekula tena mwarobaini.
Mfungeni mbali na ule mti."
Akatoka.
Hiyo ndiyo ruhusa tuliyopewa. Nyingine haikuja.

Leo magorofa yametuzunguka pande tatu.
Wapangaji humwandikia chifu juu ya harufu ya samadi,
na watoto wao huja kununua,
mkono mmoja umebana pua, wa pili umenyoosha shilingi kumi.
Kaka yangu Athmani ataka tuuze kiwanja.
Hesabu yake ni nzuri, nimeirudia mara mbili
sikuona kosa.

Mimi nina ndama jike wa wiki mbili, kitukuu cha Kidoti,
ana doti lile lile, ila limehamia shavuni.
Nina stima iliyokatika tangu saa nane
na lita arobaini zinazoanza kulegea.
Nimeita mtaa mzima waje wale bure.
Wanakuja na vikombe, na sufuria,
hata yule wa ghorofa ya nne, mwenye barua,
amekuja na bakuli la kioo na haya kidogo.
Nami katikati ya kelele nimegeukia ukuta,
nimedondosha tone ukuchani,
nangoja.